Bustani Yangu ya Osieko na Bata wa Jirani

Sisi watu wa pwani tuna desturi moja ambayo wenzetu wa bara huicheka. Tukihama, hatuhami na vyombo tu, twahama na harufu zetu. Nilipokwenda kuishi Osieko mwaka 2016 kwa biashara ya omena, hao dagaa wa Ziwa Viktoria, vitu vya kwanza kunifuata baada ya godoro na sufuria vilikuwa vipando vya mwasumini, mrihani na mawaridi, vimefungwa katika gunia bichi, vimesafiri kwa basi kutoka Mombasa kukata nchi nzima hadi mpaka wa Uganda.

Osieko ni ufuo wa wavuvi katika Kaunti ya Busia, upande wa Budalangi, pale ambapo kinamasi cha Yala hukutana na ziwa. Wenyeji ni Wanyala na Wajaluo, watu wa wavu na jembe, wakarimu kupita kiasi. Mimi kwa sababu ya kofia yangu ya kiua walinibandika jina la "Shehe" tangu siku ya kwanza, ingawa ushehe sina, na kila nikikataa hucheka tu wakaniita hivyo hivyo.

Kisa nitakachokisimulia leo ni cha bustani. Msomaji asidhani ni jambo dogo la mtu aliyekosa kazi. Kisa hiki nusura kinivunjie ujirani, na kimenifunza jambo ambalo kila mwenye kitanda cha maua na paka nyumbani anafaa kulijua.

NYUMBA MPYA, UDONGO MPYA

Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020 yaliichukua nyumba yangu ya kwanza pamoja na bustani yote. Alhamdulillahi, roho zilisalimika, na paka wetu, Sukari, aliokolewa juu ya kabati. Nikapata kiwanja mahali palipoinuka kidogo, jirani na bibi mmoja mjane ambaye watu wote humwita "kukhu", ndiyo bibi kwa lugha ya kwao. Baina ya ua wake na wangu hapakuwa na ukuta wala wigo. Mbuzi wangu wawili walilala kwake wakitaka, na bata wake walishinda kwangu wakipenda. Bata hao walikuwa kumi na mmoja, wakubwa watano na vifaranga sita. Kukhu alikuwa akiuza mayai yao, na humo ndimo zilimotoka daftari na kalamu za mjukuu wake.

Udongo wa kule ni mweusi, wa kunata. Mvua ikinyesha hushika mguu kama gundi, na jua likiwaka hupasuka nyufa za kuingia kidole. Mrihani wangu ulikuwa ukinyauka kila adhuhuri. Nikajua hapana budi kuweka matandazo.

Kwa asiyelijua neno hili, matandazo ni kitu chochote kinachotandikwa juu ya udongo kuzunguka mimea, kama vile majani makavu, makapi, maganda au vipande vya miti. Kazi yake ni kuzuia jua lisinyonye maji, kuyanyima magugu nafasi, kuvunja nguvu ya matone ya mvua, na hatimaye kuoza na kuwa mbolea. Kwetu pwani babu zetu walitumia makumbi ya nazi na majani ya mwembe bila kuyaita kwa jina lolote. Osieko nazi hakuna. Nikaanza kutafuta.

MAGUNIA MANNE YA BURE

Mwezi wa Januari mwaka 2021 nilikuwa Busia mjini kwa shughuli za omena. Nje ya ghala moja, ambalo sitalitaja wala sina haja ya kulilaumu, nikaona lundo la maganda ya karanga yamechanganyika na makapi ya mahindi, pamoja na punje mbovu zilizochambuliwa. Nikauliza bei. Mtu wa ghala akanitazama kwa mshangao akasema, "Mzee, hizi ni takataka. Chukua uende."

Wahenga walisema cha bure ghali, lakini siku hiyo sikuwakumbuka wahenga. Nikapakia magunia manne.

Ukweli ni kwamba yalipendeza. Niliyatandika pembezoni mwa vitanda vyote, rangi yake ya hudhurungi ikizunguka ua kama mkufu shingoni mwa bibi arusi. Watu walipita wakisifu. Kukhu naye alisimama mlangoni akasema, "Shehe, umeitandikia maua busati." Bata wake walikuja kila asubuhi kuchakura mle ndani, nami nikafurahi, nikidhani wananilia wadudu.

Mwezi wa Machi mvua zikaanza. Maganda yakalowa, yakakauka, yakalowa tena. Chini yake pakatokea ukungu wa kijani, kama ule wa mkate uliosahauliwa kabatini. Niliuona. Nikasema moyoni, kuoza ndiyo kazi ya matandazo. Nikaufunika kwa mguu, nikaenda zangu.

MINONG'ONO

Siku chache kabla ya mwezi mtukufu wa Ramadhani, ulioingia katikati ya Aprili mwaka ule, kifaranga mmoja wa bata alianza kuyumba kama mlevi. Alikataa kula. Miguu yake ikapiga rangi ya zambarau, shingo ikajipinda nyuma, akatapatapa akafa. Kesho yake wakafa wawili. Katika muda wa wiki mbili walikuwa wamekwisha wote, vifaranga kwanza, kisha wakubwa.

Nanyi mnajua jinsi mji mdogo ulivyo. Mmoja alisema ni jicho la hasidi. Mwingine akasema ni maji ya ziwa. Wa tatu, naye sauti yake ilinifikia, alisema mgeni amechoka na bata wanaomvurugia maua yake, kwa hiyo amewatilia sumu. Kukhu mwenyewe hakunena neno, lakini kwa mara ya kwanza hakuitikia salamu yangu ya asubuhi kwa uchangamfu aliouzoea.

Nikampigia simu afisa mmoja wa mifugo. Alikuja kwa pikipiki, akampasua bata wa mwisho mbele yetu sote. Ini lilikuwa limevimba na kupauka, si jekundu kama lipasavyo. Akauliza swali moja tu: "Walikuwa wakila nini?"

Hakungoja jibu. Aliangalia alama za miguu ya bata matopeni, akazifuata mpaka kitandani kwa maua yangu, akainama, akaokota punje ya karanga iliyofunikwa na ule ukungu wa kijani. Akanionyesha. "Kuthibitisha kabisa kunataka maabara," alisema, "lakini kama ungekuwa wangu mimi mzigo huu, usingelala hapa leo."

Basi uvumi ulikuwa na ukweli ndani yake. Bata waliuawa na sumu, na sumu ilitoka kwangu.

SUMU ISIYO NA RANGI WALA HARUFU

Ukungu ule wataalamu huuita Aspergillus flavus, na sumu uitoayo huitwa aflatoksini. Hupenda karanga na mahindi hasa, pakiwa na joto na unyevu. Ukungu wenyewe waweza kuonekana, lakini sumu haionekani wala hainuki, na kupika hakuimalizi.

Habari yake ilianza kujulikana Uingereza mwaka 1960, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua. Baada ya uchunguzi ikaonekana kwamba walilishwa mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Tangu hapo imejulikana kuwa katika wanyama wa nyumbani hakuna aliye dhaifu mbele ya sumu hii kama bata, na hasa kifaranga chake. Mbwa nao haiwaachi. Huko Marekani, mwishoni mwa mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2021, mbwa zaidi ya mia moja waliripotiwa kufa baada ya kula chakula cha madukani kilichokuwa na sumu hiyo.

Wala binadamu hakusalimika. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake hapa kwetu Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yaliyoota ukungu, na 125 kati yao wakafa.

Ajabu ni kwamba wakati matandazo yangu yakiota ukungu Osieko, neno hilo la aflatoksini lilikuwa mdomoni mwa kila dereva mpakani. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, na malori yakakwama Busia na Malaba. Baada ya siku chache marufuku ikaondolewa kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba mahindi yasizidi sehemu kumi za sumu hiyo katika kila sehemu bilioni moja. Nami nilipita kando ya malori yale nikiwaonea huruma wenye mali. Haikunijia hata kidogo kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimeitandika balaa hiyo mlangoni kwangu.

MBELE YA KUKHU

Chuoni tulifundishwa kwamba kosa lisilokusudiwa huondolewa dhambi, lakini dhamana ya mali ya mtu haiondoki. Jioni ile nilikwenda nikaketi kwenye kigoda mbele ya mlango wa kukhu.

Nikamwambia, "Kukhu, bata wako wameuawa na matandazo yangu."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Shehe, ulijua?"

"Wallahi sikujua. Ukungu niliuona, lakini sikujua kama unaua."

"Basi hukuua," alisema. "Lakini sasa umejua. Ukirudia, ndipo utakuwa umeua."

Wiki iliyofuata nilikwenda soko la Port Victoria nikanunua bata kumi na mmoja. Kukhu aliwahesabu, akachukua sita, akanirudishia watano. "Hawa wengine watajizaa wenyewe," alisema. Nami nikawafuga hao watano, ndiyo maana leo mimi pia ni mtu wa bata. Maganda yote niliyazoa, nikayafukia katika shimo refu mbali na kisima, huku nimejifunga kitambaa puani, kwani vumbi la ukungu ule si jema kwa kifua. Minong'ono ilikufa yenyewe siku watu waliponiona nikichimba.

LA KUTANDIKA NA LA KUACHA

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuuliza. Haya ndiyo niliyoyakusanya, na huenda yakamfaa msomaji awe Osieko au Old Town.

Kwanza, maganda na makapi yoyote yenye masalio ya chakula, yawe ya karanga, mahindi au mtama, yaache, ila kama umeyapepeta hata hapakubaki punje na yamekauka barabara. Hata hivyo kwa mwenye bata mimi humwambia asijaribu.

Pili, maganda ya muhogo. Busia ni nchi ya muhogo, na maganda yake hutupwa kila mahali. Mabichi, hasa ya muhogo mchungu, yana sumu ya sianidi, na mbuzi huyapenda. Kuyaanika juani hupunguza sumu, lakini kitandani pa maua hayana kazi.

Tatu, makapi ya kahawa. Malaba ndiko kahawa ya Uganda hupitia kwenda bandari ya Mombasa, na huko kwao makapi yake hutandikwa migombani. Kwa migomba ni mazuri sana. Lakini yana kafeini, ambayo paka na mbwa hawaivumilii. Maganda ya kakao ni mabaya zaidi. Huko Ulaya na Marekani huuzwa kama matandazo ya bustani, yana harufu tamu ya chokoleti, na mbwa huyala kwa harufu hiyo. Kilicho ndani yake humpiga mbwa moyo na kumtia kifafa.

Nne, vumbi la mbao na majivu. Vumbi la mbao safi halina ubaya, ila lisiwe jingi, kwani likioza hunyang'anya udongo rutuba kwa muda. Hatari ni vumbi la nguzo na mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, zile zenye rangi ya kijani kibichi. Baadhi ya dawa hizo zina shaba, kromiamu na aseniki. Majivu yake ndiyo mabaya kupita yote, kwani mbuzi na ng'ombe huyaramba kwa ajili ya chumvi. Muulize fundi seremala mbao zimetoka wapi kabla hujajaza gunia.

Tano, matawi ya wigo. Mtu akipogoa ua wake hupenda kuyatandaza majani papo hapo. Mbarika, ambao mbegu yake yaweza kuua, minyaa yenye utomvu wa kupofua macho, na lantana, ile ya miba na vijiua vya rangi mbili tatu, inayoharibu ini la mbuzi, yote hayo yasikaribie kitanda.

Sita, na hili ni letu wa pwani, maganda ya korosho. Yana mafuta makali ya kuunguza ngozi na midomo. Makumbi ya nazi ndiyo yaliyo salama. Kama unaishi Kilifi, umshukuru Mola kwa makumbi.

Sasa mazuri. Jirani yetu upande wa Budalangi pana mradi wa kilimo cha mpunga wa Bunyala, uliofunguliwa mwaka 1969 na kunyweshwa kwa maji ya mto Nzoia. Makapi ya mpunga wa huko ndiyo ninayotumia leo. Hayaozi haraka, hayana utamu wa kumvuta mnyama, na kuku wakichakura hawapati la kudhuru maadamu yamepepetwa na ni makavu. Aibu yake ni wepesi. Upepo wa ziwa huyapeperusha, basi huyamwagia maji kidogo nikaweka juu yake mafunjo makavu yaliyokatwakatwa. Mafunjo ya Yala ni tele, na hayana ubaya. Makapi ya miwa nayo ni mazuri, lakini yakae kwanza, kwani yakiwa mapya utamu wake huita sisimizi.

Na je, magugu maji? Mmea huo uliingia ziwani kwetu karibu na mwaka 1990 na umewatesa wavuvi tangu hapo. Wengi huuliza kama wanaweza kuutandika. Ukiwa umekaushwa hadi ukavunjika mkononi, waweza kuwekwa kwenye maua. Lakini mmea huo hunyonya madini mabaya yaliyomo majini, kwa hiyo mimi siuweki karibu na mchicha wala mahali mbuzi hula. Na usitupwe mbichi karibu na ufuo. Mvua ikiurudisha majini, huwa umepanda upya adui wa kijiji.

PAKA NAYE

Linabaki la Sukari. Paka akiona matandazo laini huona choo. Kwetu Waislamu paka mwenyewe si najisi, ni mwenzetu wa nyumbani, na sote twaijua habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka hata akafa njaa. Ila kinyesi chake ni najisi, na chaweza kubeba vijidudu vinavyomdhuru mama mjamzito na mtoto aliyemo tumboni. Dawa yake si kumpiga. Tandika vitu vya kukwaruza karibu na mimea, kama vipande vya makumbi au vijiti, kisha mwachie kona moja ya mchanga mkavu mbali na mrihani. Ataichagua mwenyewe. Na mama mjamzito asishike udongo wa bustani bila glavu.

Unene wa matandazo uwe inchi mbili au tatu, usizidi, maana chini ya rundo nene nyoka hupata nyumba. Yasigusane na shina la mmea. Na kila baada ya mvua kubwa, inua kidogo kwa kijiti uangalie chini. Ukiona ukungu wa kijani au wa manjano, usifanye nilivyofanya mimi. Usiufunike kwa mguu.

Leo mwasumini wangu umepanda mpaka dirishani, na jioni harufu yake huvuka ua ikaingia kwa kukhu. Bata wake wamekwisha kupita kumi na mmoja. Bado huja kwangu kila asubuhi wakachakura, na kila ninapowaona hutoka na kijiti changu nikainua makapi, nikaangalia. Kukhu hunitazama toka mlangoni kwake akauliza, "Shehe, liko salama?" Nami sijibu mpaka niwe nimefika mwisho wa kitanda.